Barua ya Kiswahili kwenye Ofisi ya Serikali

Swali: Je, karani wa serikali nchini Kenya anaweza kukataa barua kwa sababu tu imeandikwa kwa Kiswahili?

Jibu: Hana msingi wa kisheria. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitambua lugha hii mara mbili: ndiyo lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi sawa na Kiingereza.

Bungeni, Kifungu cha 120 kinaongeza Lugha ya Ishara ya Kenya. Hapo kanuni ni kali kidogo: mbunge akianza hotuba kwa Kiswahili, atamaliza kwa Kiswahili. Wanaopenda kuchanganya huteseka!

Mahakamani, mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi hupewa mkalimani bila malipo, hata kama anajua Kidigo au Kiturkana tu.

Usawa huo wa Kiswahili na Kiingereza, hata hivyo, una ufa. Kifungu cha 259 kinasema matoleo ya Katiba yakigongana, la Kiingereza ndilo linaloshinda.

Mwananchi aliyekataliwa barua na aombe sababu kwa maandishi, kisha alalamike kwa Tume ya Haki za Kiutawala.