Traka na Wapiga Ala wa Mvita: Maswali na Majibu

Tangu nilipoanza kuwahimiza wapiga ala wa kisiwa hiki cha Mombasa wajaribu programu za traka katika kutengeneza nyimbo zao, barua zimekuwa zikinijia hapa Makupa kwa wingi nisioutarajia, nyingine za heshima, nyingine za kejeli, na chache za watu ambao dhahiri hawajaifungua programu yenyewe walakini wameshaitolea hukumu. Za namna ya kupakua na kuweka programu kwenye kompyuta nimeziacha kando, maana kijana yeyote wa nyumbani kwako atakuonyesha. Nimechagua zile zilizonikera na zile zilizonitia wasiwasi.

*Mwalimu, muziki wetu una roho, na hiyo traka yako ni jedwali la tarakimu. Itawezaje kupiga chakacha, au wimbo wa taarabu katika maqamu ya rast?* (Barua nne, za Majengo, Kibokoni, Tudor na Likoni, zilizofanana hata nikashuku zimeandikwa kwa mkono mmoja.)

Nitajibu kwa urefu, maana ghalati hii nimeichoka. Ni kweli kwamba traka ni jedwali: mistari hushuka kutoka juu kwenda chini, kila safu hubeba sauti moja kwa wakati, na katika kila mstari huandikwa noti, namba ya ala, kadiri ya sauti, na amri ya jinsi noti hiyo itakavyotendwa. Karsten Obarski alipotoa Ultimate Soundtracker mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Amiga, safu zilikuwa nne tu na ukurasa ulikuwa wa mistari 64, kipimo kinachoifaa midundo ya nne nne na ambacho hakikukusudiwa ngoma za harusi za pwani. Hapo ndipo palipozaliwa uvumi kwamba traka haijui ila nne. Chakacha, kama ajuavyo kila aliyewahi kusimama karibu na chapuo na vumi, huenda kwa sita. Na 64 ukiigawa kwa sita hubaki mistari minne isiyo na pa kwenda, hivyo basi mwenye kuuacha ukurasa kama alivyoukuta atasikia mdundo ukichechemea kila ukurasa unapogeuka, kisha atatoka barazani kutangaza kuwa mashine haina roho.

Mashine haina hatia. Fupisha ukurasa uwe wa mistari 48, uweke pigo kuu kila baada ya mistari sita, na chakacha itakaa. Katika traka za leo kama MilkyTracker na OpenMPT hilo ni kubadilisha namba moja. Na katika programu za kale zisizoruhusu kufupisha, huandikwa amri ya D00 kwenye mstari wa 47, kwa kuwa hesabu huanzia sifuri, nayo hukurusha moja kwa moja hadi ukurasa ufuatao.

Ama hiyo roho inayozungumzwa, aghlabu ni kuchelewa. Mpiga vumi hodari hapigi pale pale mstari ulipo. Hujivuta kidogo nyuma ya mwenzake wa chapuo, na kujivuta huko ndiko kunakowainua wachezaji vitini. Kila mstari wa traka, kwa kawaida yake, umegawika vipande sita, na amri ya ED1 huichelewesha noti kwa kipande kimoja, ED2 kwa viwili. Nilimwekea kijana mmoja wa Bondeni, mpiga vumi wa harusini asiyewahi kugusa kompyuta kwa kazi ya muziki, mdundo wake mwenyewe uliorekodiwa pigo pigo. Akasikiliza huku amefumba macho, kidole kikigonga ukingo wa meza, akaomba ED2, akatikisa kichwa, akaomba ED1 katika pigo la pili peke yake, la kwanza libaki mahali pake, akasema, "Hapo." Alikuwa akipiga hivyo tangu utotoni, na siku ile ndiyo mara ya kwanza aliyoweza kumwambia mtu mwingine anafanya nini. Ikiwa huko ni kuua roho, basi nami ni muuaji.

Na rast je? Noti yake ya tatu, ukianzia C, haimo katika kinanda cha kawaida: iko kati ya kibao cheusi na cheupe. Chukua sampuli moja ya udi, uipakie mara mbili. Ya kwanza iache ilivyo, ya pili iteremshe kwa urekebisho mdogo wa sauti, ambapo katika MilkyTracker nusu toni moja nzima ni vipimo 128, basi robo toni ni 64. Kila ufikapo kwenye noti ya tatu na ya saba, andika namba ya ala ya pili badala ya ya kwanza. Wala 64 si amri ya mbinguni. Mafundi wengi wa udi huiweka noti hiyo juu kidogo ya robo kamili, basi jaribu kuteremsha 50, jaribu 45, na sikio lako liamue. Mwenye kuniambia kuwa jedwali haliwezi maqamu, nitamwomba kwanza aniimbie hiyo noti ya tatu. Wengi hunyamaza.

*Je, mashine hizi hazitawanyima kazi wapiga ala?*

Walionyimwa kazi walinyimwa zamani, harusi zilipotosheka na kinanda kimoja na mwimbaji mmoja, traka haikuwapo.

*Nilinunua programu ya traka ndani ya flashi kwa shilingi elfu mbili, nikaahidiwa pia mafunzo ya siku mbili yatakayonifanya prodyusa. Mafunzo sikuyaona, na tangu siku ile kompyuta hujifungulia yenyewe kurasa za kamari.*

Aliyekuuzia amekuuzia maji ya Bahari ya Hindi ndani ya chupa, tena machafu. OpenMPT ni bure. MilkyTracker ni bure. SunVox ya Alexander Zolotov ni bure katika kompyuta, na katika simu hulipiwa kiasi kidogo. Renoise ndiyo ya kulipiwa, lakini hata hiyo ina toleo la majaribio linalokuruhusu kutunga na kuhifadhi kazi yako, ila halitakutolea wimbo uliokamilika katika faili ya sauti. Zote zichukue kwa watengenezaji wenyewe. Hiyo flashi usimwazime mtu. Kompyuta ifutwe yote na mfumo uwekwe upya. Ama prodyusa wa siku mbili, sina la kusema ambalo mhariri atakubali kulichapa.

*Kompyuta yangu ni ya mtumba na kongwe.* Na mwingine: *Mimi nina simu tu.* Na mwingine: *Tutajie mtu mkubwa aliyefanya kazi ya maana kwa vyombo hivi vya kimaskini.*

Nawajibu pamoja, kwa sababu ni swali moja lililovaa kanzu tatu. Mwenye simu atumie SunVox. Mwenye kompyuta kongwe ajue kuwa traka ilizaliwa katika mashine ambayo diski yake ilichukua kilobaiti 880, yaani pungufu ya picha moja ya simu ya leo, na hiyo ya kwako iliyochoka ni sultani mbele yake. Calvin Harris wa Uskoti alitengeneza albamu yake ya kwanza, I Created Disco, ya mwaka 2007, kwa Amiga iliyokuwa imekwisha pitwa na wakati. Na muziki wa michezo ya kompyuta ya Unreal ya mwaka 1998 na Deus Ex ya mwaka 2000 ulitungwa kwa traka.

Walakini kwa nini twende mbali? Tazameni Dar es Salaam. Vijana wa muziki wa mchiriku walianza na vinanda vidogo vya Casio ambavyo hapa kwetu tungewapa watoto wachezee, na waliowafuata wakazua singeli kwa kompyuta za bei ya chini, wakivikata vipande vya taarabu na kuviendesha kwa kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika; na mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, zikasikilizwa Ulaya. Hao hawakutumia traka, nami sidai kuwa walitumia. Nasema tu kwamba hawakungoja mashine ya gharama ndipo waanze.

*Nina kanda za marehemu mabingwa wetu alizoacha babangu. Naweza kuzikata nikazitia katika traka?*

Swali hili ndilo lililonitia wasiwasi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtungaji uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Katika waimbaji wetu wa taarabu, Juma Bhalo alifariki mwaka 2014 na Zein l'Abdin mwaka 2016, hesabu mwenyewe. Fauka ya hayo, mashairi mara nyingi ni ya mtu mwingine, kama yale ambayo mshairi Ahmad Nassir alimtungia jamaa yake Juma Bhalo, basi milango ya kubisha hodi ni zaidi ya mmoja. Kubisha si kazi ngumu: familia ziko, zajulikana, na aghlabu hukasirishwa zaidi na kutoulizwa kuliko na kutolipwa.

Lakini kuna lililo zito kuliko idhini. Kanda hizo ziko wapi sasa hivi? Nimezikuta katika nyumba kadhaa za Mji wa Kale zikiwa ndani ya mifuko ya plastiki chini ya kitanda, zimeota koga kwa unyevu wa pwani, na wenyewe wakiapa kuwa wanazitunza. Kabla hujakata hizo sekunde mbili za udi unazozitamani, nakili kanda nzima, pande zote mbili, pamoja na vigelegele na kikohozi cha mwimbaji, uhifadhi mahali pawili. Usizisukume mbele na nyuma kwa fujo. Koga ikiwa imeenea, mpe fundi kwanza.

*Je, kutunga muziki kwa kompyuta ni halali?*

Muulizeni kadhi.

*Nimeshawishika, Mwalimu. Naomba unitumie sampuli zako za udi na za chapuo ili nianze.*

La. Udi uko Kibokoni, na wapigaji wake ungali unawakuta barazani alasiri. Mlipe mmoja wao kwa saa moja, akupigie kila uzi peke yake, mara kwa nguvu na mara kwa upole, urekodi katika chumba chenye mazulia, na feni uizime kwanza.