Mfahamu Anayekutibu

Ukiingia zahanati ya kijiji au kituo cha afya cha kata, kila aliyevaa koti jeupe utamwita daktari, naye ataitika. Ni heshima tu, haina ubaya. Ila waliovaa makoti hayo hawakusoma mamoja, na kuwajua kunakusaidia kufahamu nani umpelekee shida ipi.

Katika zahanati nyingi za Tanzania, anayekupima na kukuandikia dawa ni tabibu. Alimaliza kidato cha nne akiwa amefaulu sayansi, akasomea stashahada ya utabibu miaka 3. Daktari mwenye shahada alisoma miaka 5 katika chuo kikuu, pengine Muhimbili, Bugando au KCMC, kisha akafanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya usimamizi. Katikati yupo daktari msaidizi, yaani tabibu mzoefu aliyerudi chuoni kwa miaka 2. Hawa sifa zao hazijaimbwa vya kutosha: wilayani, akina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji walipita mikononi mwao. Bingwa ni daktari aliyerudi tena masomoni kwa miaka kadhaa akashika tawi moja, kama watoto, macho au mifupa.

Kuna kitu ambacho vyeti havikionyeshi, nacho ni kile ambacho mtu anakipenda katika kazi yake. Kituo kimoja kinaweza kuwa na matabibu wawili wenye stashahada ileile, mmoja akawa na subira ya ajabu na watoto, mwingine amejikita kwenye presha na kisukari hata wazee wanasubiri zamu yake. Kwa maradhi ya kudumu, mimi ningemfuata huyo wa pili kabla ya daktari mwenye shahada anayeniona leo na kesho kahamishwa. Anayekufahamu kwa muda mrefu huona mabadiliko ambayo mgeni hawezi kuyaona. Kwa uvimbe usioeleweka au jambo linalohitaji kisu, hapo ngazi ya elimu ndiyo inayoamua. Omba barua ya rufaa mapema.

Utayajuaje haya? Uliza mapokezi, au mwulize muuguzi, ambaye mara nyingi ndiye anayejua zaidi kuliko wote: nani anashughulikia wajawazito, kliniki ya kisukari ni siku gani, kuna daktari wa kike leo? Katika kliniki za binafsi mijini, bingwa huwa hakai siku nzima. Huja jioni fulani akitoka hospitali kubwa, kwa hiyo ulizia siku yake kabla hujapanda daladala. Ukiingia chumbani, unaweza kumwuliza mwenyewe bila kumvunjia heshima: “Samahani daktari, wewe ni tabibu au ni bingwa wa tatizo hili?” Mwenye kujiamini atakujibu. Nawe jieleze: dawa unazotumia, zikiwemo za mitishamba, na maradhi ya ukoo. Daftari lako la zamani usiliache nyumbani hata kama limechakaa. Ukiona haya kuchunguzwa, omba muuguzi awepo.

Uhalali wa mtu kutibu ni suala jingine. Tanzania Bara, madaktari na matabibu husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria ya mwaka 2017. Wauguzi na wakunga wana baraza lao, na Zanzibar ina utaratibu wake. Ukiwa na shaka, chukua jina kamili la mhusika uliulizie Baraza kama amesajiliwa. Anayekataa kutaja jina, anayetibia katika chumba kisicho na kibao, au anayekuchoma sindano bila kukwambia ni ya nini, usimrudie. Lalamiko kuhusu kituo lianzie kwa mganga mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wa kituo. Asipolishughulikia, lipeleke kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kwa maandishi, ukitaja tarehe na huduma uliyopewa.