Leo Mwezi Ngapi? Kupanga Shughuli za Skauti na Kuwanoa Wanaoziongoza

Jumamosi moja ya Julai, miaka kadhaa iliyopita, niliwapeleka skauti 34 wa rika la Chipukizi hadi Mida, pwani ya Kenya, kupanda mikoko. Barua za wazazi zilikuwa zimetiwa sahihi, uji umepikwa tangu alfajiri, mbegu zimepangwa kwenye makarai, bendera imekunjwa inavyotakiwa. Tukafika pwani saa nne asubuhi. Pale nilipopachagua wiki moja kabla, penye tope zuri jeusi, palikuwa bahari tupu. Maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye matawi.

Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliofudikizwa, akitengeneza wavu. Akatutazama na skafu zetu, akaniita.

"Mwalimu, leo mwezi ngapi?"

"Mwezi wa saba, mzee."

Akacheka mpaka akauweka wavu chini. "Huo wa saba ni wa kalenda ya ukutani. Mimi nakuuliza mwezi wa juu. Leo mwezi nane, mwanangu. Haya ni maji mafu. Hapo unapopataka hapakauki leo wala kesho."

Tulikunywa uji, tukacheza mpira, tukarudi kwetu Gede kwa miguu na makarai yetu vichwani. Watoto walifurahi, maana mtoto akipewa uji na mpira hana kesi na mtu. Mimi ndiye niliyerudi na aibu. Nyumbani nilikuwa na vyeti vya mafunzo ya kiongozi wa skauti ndani ya sanduku, na mvuvi ambaye hajawahi kuvaa skafu alikuwa ameniuliza swali la kwanza la mpango, nami nimeshindwa kulijibu.

Tangu siku hiyo ratiba ya watoto na mafunzo ya wakubwa siziandiki tena katika karatasi mbili. Zinakaa daftari moja, ukurasa mmoja, mstari kwa mstari. Kila shughuli ya watoto ina tarehe yake, na mbele yake kuna tarehe nyingine: siku ambayo wakubwa wataifanya wenyewe, mahali palepale, saa ileile. Wakubwa wasipoifanya, watoto hawaendi. Nikiulizwa siri ya kundi letu, jibu langu ni daftari hilo.

Huwa tunapanga wiki ya mwisho ya likizo, kabla walimu hawajazama kwenye kazi za muhula. Naanza na kalenda ya shule: lini mitihani, lini michezo, lini nusu muhula. Ya pili ni mvua. Huku kwetu masika hushuka kwa nguvu Aprili na Mei, na kambi ya mahema wakati huo ni kutafuta homa za kifua, kwa hiyo miezi hiyo tunaiachia mafundo, ramani na huduma ya kwanza, mambo ya darasani na ya chini ya mwembe. Ya tatu ni mwezi wa juu, ule unaohesabiwa siku tangu uandame. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, huwa kubwa siku za mwezi mchanga na za mwezi mpevu, tuseme kuanzia mwezi mosi hadi mwezi tatu, halafu tena kuanzia kumi na tano hadi kumi na saba. Siku hizo maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, tope likakaa wazi muda wa kutosha watoto kupanda na kunawa. Kila siku inayofuata saa za kupwa na kujaa husogea mbele dakika 50 hivi, na ikifika mwezi saba au nane mambo yamegeuka: asubuhi ileile unakuta maji yamejaa, na hata yakipwa hayapwi sana. Ndiyo sababu wiki moja kabla ya aibu yangu tope lilikuwa wazi. Nilikwenda kukagua mwezi mosi, nikapeleka watoto mwezi nane.

Baada ya hapo natia Ramadhani, Krismasi na msimu wa mahindi. Harusi na mazishi hayapangiki, kwa hiyo kila muhula naacha Jumamosi mbili tupu. Usizijaze. Zitajazwa tu.

Hadi hapo nina tarehe, lakini sina shughuli. Shughuli zinatoka kwa baraza la viongozi wa patroli. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, aliwagawa wavulana wapatao 20 katika patroli nne, kila moja na kijana wake wa kuiongoza. Hilo ndilo jiwe la msingi la skauti, lakini ndilo tunalolisahau haraka, kwa sababu shuleni tumezoea mwalimu kusema na darasa zima kuitikia. Mwaka wa kwanza niliitisha baraza, nikawauliza watoto wanataka nini, wakaniangalia usoni wakitafuta jibu ninalolitaka. Mmoja akasema, "Usafi wa mazingira, mwalimu." Uongo mtupu. Hakuna mtoto wa miaka 12 anayelala akiota usafi wa mazingira.

Siku hizi nawapa karatasi zenye tarehe, naondoka, narudi baada ya nusu saa. Wanataka kupika pilau wenyewe, kuogelea, kulala msituni, kujua namna ya kumtibu mtu aliyeumwa na nyoka. Muhula mmoja patroli ya wasichana ilitaka kujifunza kuziba pancha ya baiskeli, na ikawa mojawapo ya Jumamosi bora tulizowahi kuwa nazo. Kazi yangu ni kulinganisha matakwa yao na tarehe, na kuuliza swali moja kwa kila shughuli: nani kati ya wakubwa anaijua hii?

Mara nyingi jibu ni hakuna, na hapo ndipo mafunzo yanapoanzia.

Wakubwa wetu ni saba. Wawili ni walimu. Wengine ni mama anayeuza mahamri na mbaazi karibu na stendi, baba wa bodaboda, fundi cherehani, kijana wa Jasiri, rika la juu la skauti, aliyemaliza chuo anayesubiri kazi, na mlinzi mstaafu. Sikuwapata kwa tangazo. Tangazo huleta wanaotafuta posho, na posho hatuna. Niliwapata kwa kutazama ni mzazi gani anayebaki dakika kumi baada ya kumleta mtoto wake. Kabla ya kumpa mtu skafu, nataka cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na naongea na watu wawili wanaomfahamu ambao si ndugu zake. Kuna aliyenikasirikia, akisema namshuku. Nikamwambia mimi mwenyewe ninacho, nikamwonyesha. Hakurudi, na sikumfuata.

Ngazi rasmi ya mafunzo wanaipanda taratibu: kwanza kozi ya utangulizi, baadaye kozi za juu hadi Wood Badge, ile yenye shanga mbili za mti kwenye uzi wa ngozi. Kozi hiyo ilianza Gilwell Park, Uingereza, 1919, na huku kwetu watu husafiri hadi kambi ya Rowallan, Nairobi, kuisomea. Ukimpeleka mtu, mpeleke na mwenzake. Anayerudi peke yake huwa na maneno mengi mapya na hana wa kusema naye. Lakini nauli, chakula na siku za kuacha biashara si mchezo. Mama wa mahamri akifunga banda siku tatu, ni siku tatu nyumba yake haina kipato. Kwa hiyo sisubiri kozi. Kozi itamfundisha maana ya skauti, namna ya kulea patroli, kanuni za kuwalinda watoto. Mida, mikoko ya mchu na mkandaa, nyoka wetu na maji yetu, hayo inabidi tufundishane wenyewe.

Safari ya wakubwa huwa Jumamosi moja kabla ya ile ya watoto, isipokuwa shughuli za baharini, ambazo lazima zitanguliwe na bamvua lililopita, yaani wiki mbili nyuma. Tunatembea njia ileile, tukihesabu dakika kwa mwendo wa mtoto mfupi kuliko wote. Tunapima simu inashika mtandao wapi na wapi haishiki. Tunajua gari likitakiwa kufika litapita wapi. Halafu tunaifanya kazi yenyewe. Yule mzee wa mtumbwi nilirudi kumwomba atufundishe. Alituingiza topeni, walimu na mama na bodaboda, akatuonyesha mbegu ya mkoko, yenye umbo kama la bamia lakini ndefu zaidi, inavyosimamishwa: ncha iliyochongoka chini, unaizamisha kiasi cha theluthi, bila kuipindua. Fundi cherehani alipanda safu nzima kichwa chini. Tulimcheka sana. Siku ya watoto yeye ndiye aliyekuwa makini kuliko wote, akizunguka kila patroli akiangalia ncha.

Faida ya wakubwa kutangulia niliiona hapo. Mtu mzima akikosea mbele ya watoto hutafuta wa kumlaumu, mara nyingi mtoto. Akikosea mbele ya wenzake hucheka, akajifunza.

Lakini kuna somo moja gumu kuliko tope, nalo ni kunyamaza. Kambi yetu ya kwanza baba wa bodaboda alisimamisha mahema yote manne ndani ya dakika ishirini. Mikono ya watu wa bodaboda ni ya kazi, haiwezi kuona kamba imelegea ikatulia. Watoto walisimama kando wakipiga makofi. Usiku upepo ukavuma, hema moja likaanguka, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejua kigingi kinaingia vipi. Wakaja kumwamsha yeye, saa nane usiku.

Sasa tuna kanuni: wakati watoto wanafanya kazi, mkubwa anaweka mikono nyuma. Anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu, "Umeona nini?" na "Utafanya nini?" Anaingilia pale penye hatari ya moto, maji, kisu au mtu mgeni. Tunaifanyia mazoezi kabisa. Ijumaa jioni wakubwa watatu wanajifanya watoto, wanafunga hema vibaya makusudi, na wa nne anatakiwa atazame dakika kumi bila kugusa. Jaribu uone. Mama wa mahamri aliweza tangu mara ya kwanza. Alisema amelea watoto sita kando ya karai la mafuta ya moto, anajua lini apige kelele na lini aache.

Kwenye usalama sina utani. Mkubwa habaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, hata kama ni mwalimu, hata kama ni shangazi. Wakubwa hulala hema lao, watoto yao, wasichana na wavulana mbalimbali, na kukiwa na wasichana lazima kuwe na kiongozi mwanamke. Daftari lina jina la kila mtoto, simu mbili za nyumbani, na ugonjwa wake. Mwenye pumu hatoki bila pampu yake, na kiongozi anajua iko mfuko upi. Kuogelea ni kwa jozi, filimbi ikilia kila mtoto anamshika mwenzake mkono na kuuinua juu. Kila mwaka wakubwa wawili wanasoma huduma ya kwanza kwa watu ambao kazi yao ni kuifundisha, kwa mfano Msalaba Mwekundu, kisha wanatufundisha sisi wengine. Viboko na adhabu za kuruka kichura hatuna. Mlinzi wetu mstaafu ilimchukua muhula mzima kuliamini hilo.

Shughuli ninayoipenda kuliko zote ni ya kufuata alama Arabuko-Sokoke. Msitu ule una ndovu, kwa hiyo hatuingii bila mwongoza njia, na hatuachi patroli ijiendee. Wakubwa hutangulia kuweka alama: mishale ya vijiti, mawe mawili yaliyopandana, msalaba wa "usipite hapa". Mwisho wa njia kuna duara lenye nukta katikati, maana yake nimekwenda nyumbani. Wakubwa wenyewe walipotea mara mbili siku ya majaribio, kwa sababu waliweka alama upande wa kulia wa njia kwenda na wa kushoto kurudi.

Mwaka tuliopata nauli, tuliwapeleka watoto wachache na wakubwa wawili hadi Nyeri mwezi wa Februari, karibu na tarehe 22, siku ya kuzaliwa kwa Baden-Powell. Alifia Nyeri tarehe 8 Januari 1941, akazikwa hukohuko, mlima Kenya ukiwa mbele. Nilikuwa na maelezo marefu niliyoyatayarisha. Sikuyatoa. Mtoto mmoja aliliona duara lenye nukta juu ya jiwe la kaburi, akamgeukia baba wa bodaboda, akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, amekwenda nyumbani." Yule bwana alikuwa ameweka mikono nyuma. Hakusema neno.

Baada ya kila shughuli tunakaa robo saa, wakubwa peke yetu, kabla mtu hajashika njia. Nani alichoka mapema? Mtoto gani hakusema kitu siku nzima? Sisi tuliingilia wapi tusipopaswa? Majibu yanaandikwa palepale, kwa sababu Jumatatu kila mtu anakumbuka kwamba mambo yalikwenda vizuri. Bajeti nayo huandikwa hapo, na stakabadhi zinabanwa kwenye ukurasa. Pesa za watoto zisizo na karatasi huzaa maneno.

Ukurasa wa wiki hii unasema: Jumamosi, mwezi kumi na sita. Mida, mikoko. Maji kupwa saa tano kasoro. Kuondoka shuleni saa mbili. Kiongozi wa siku: fundi cherehani. Mahamri 80, yameshalipiwa.