Somo la Gari: Mvuke wa Petroli Ukivuja

Mkulima mmoja wa Kinangop alipakia kabeji katika pikapu yake ya petroli, akaja kuziuza soko la Kangemi. Alipomaliza alishika Waiyaki Way kuelekea mjini, na alipofika Muthangari ikawaka taa ya manjano yenye picha ya injini. Fundi wa kwanza alitazama tu, akasema kompyuta ya gari imekufa, akataja bei ya mtamba mzima. Bahati njema mkulima hakulipa siku ile. Alifika ofisini kwetu kwa shughuli ya mbolea, akanieleza. Tukaenda kwa fundi mwingine mwenye mashine ya kusoma namba. Ilitoka P0457. Kumbe kifuniko cha tangi kililegea tangu alipotia petroli siku tatu nyuma!

Basi wakulima, yafaa tujifunze jambo hili.

KWA NINI TAA HUWAKA

Petroli hugeuka mvuke hata gari likisimama, hasa penye jua kali. Mvuke huo huweza kushika moto, huchafua hewa, tena ni fedha yako inayopotea. Kwa sababu hiyo, katika gari la kisasa mvuke hauachwi kutoka ovyo. Hupita katika mpira mpaka kwenye mkebe wenye makaa maalum, nayo makaa huushika. Injini ikisha kupata moto, vali hufunguka, na mvuke huvutwa ukaungue ndani ya injini. Kompyuta ya gari hupima njia hiyo yote. Ikiona panavuja, huandika namba na kuwasha taa.

Gari la dizeli halina mpango huu. Hata baadhi ya magari ya petroli hayapimi tundu dogo.

Tangu magari ya mwaka 1996, Marekani ililazimisha kila gari dogo jipya liwe na mahali pa kuunganisha mashine ya namba, chini ya dashibodi karibu na usukani. Nchi nyingine zilifuata. Ndiyo sababu namba hizi zina maana moja katika magari ya makampuni mbalimbali.

NAMBA ZA KUKUMBUKA

P0457: kifuniko cha tangi kimelegea au hakipo.
P0455: panavuja sana, pengine ni kifuniko, pengine mpira umechomoka.
P0442: panavuja kidogo, kama tundu la milimita 1.
P0456: panavuja kidogo sana, kama tundu la nusu milimita.
P0441: mvuke haupiti kwenda injini kama ipasavyo, mara nyingi kosa ni la vali.

Lakini kumbuka: namba haikuambii ununue nini. Kipimajoto husema ng'ombe ana homa, hakisemi kama ni ndigana. Vivyo hivyo namba hukuonyesha mahali pa kuanza kutafuta, basi.

FUATA MPANGO HUU

Kwanza, zima gari, fungua kifuniko cha tangi, kisha ukikaze mpaka kilie "tak."

Pili, tazama pete ya mpira ndani ya kifuniko. Ikiwa imepasuka au imekauka, badili kifuniko. Bei yake ni ndogo kuliko vitu vingi katika kazi hii.

Tatu, chungulia mipira iliyo karibu na tangi na injini. Gari likilala karibu na ghala, panya huitafuna. Mawe ya barabara zetu nayo huweza kuupiga mkebe wa makaa.

Nne, usipoona kitu, mwombe fundi apime kwa moshi. Moshi huingizwa polepole katika njia ya mvuke, na unapotokea ndipo penye tundu. Asitumie upepo wa kujazia magurudumu, kwa maana nguvu yake huweza kupasua vyombo.

Tano, mara nyingi gari likiwa gumu kuwaka baada tu ya kutia petroli, vali imekwama wazi. Mwambie fundi dalili hiyo.

Ukisha kutengeneza, taa huweza kukawia siku kadhaa kabla ya kuzimika yenyewe. Kuifuta kwa mashine bila kuziba tundu ni kujidanganya, itarudi.

HADHARI

Usitafute panapovuja kwa kiberiti wala kwa taa ya moto, hata mara moja. Pampu ya petroli ikisha kujikata, usiongeze. Petroli ya majimaji ikiingia katika makaa huyaharibu. Taa ikiwaka bila kupepesa na hakuna harufu ya petroli, waweza kufika nyumbani, kisha ukapime upesi. Ikipepesa, injini inachoma vibaya. Simama mahali salama. Harufu ikiwa kali, zima gari na ukae mbali.

MASWALI

1. Namba P0442 na P0455 zatofautianaje?
2. Kwa nini si vizuri kuongeza petroli pampu ikisha kujikata?
3. Fundi akitaka kubadili kitu, utamwuliza nini kwanza?

Jibu la swali la tatu ndilo lililomwokolea mtamba yule mkulima wa Kinangop: "Namba ni ipi, nawe umepimaje?" Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwanza ujue ufa uko wapi.