JE, KOMPYUTA INATOSHA KUKAGUA PROGRAMU?

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili wetu, baadhi yenu mmetuuliza: ikiwa programu ya simu inaweza kukaguliwa na kompyuta yenyewe, kwa nini bajeti ya mradi ina nauli na posho za wauguzi wa kuijaribu? Swali ni la haki.

Katika ukaguzi wa kiotomatiki, mtengenezaji huandika maswali na majibu yanayotakiwa, na kompyuta huyarudia yote kila programu inapobadilishwa. Kwa kazi hiyo hatuwezi kushindana nayo. Sisi tungechoka kwenye swali la thelathini. Ila huuliza lile tu iliyofundishwa.

Hapa Sanje tulijaribu fomu ya kuwaandikisha akina mama wanaokuja kujifungua. Ukaguzi wa kompyuta ulikuwa umepita wote: saa 25 ilikataliwa, herufi mahali pa namba zilikataliwa. Ndipo muuguzi mmoja, mama mtu mzima asiyezoea simu za namna ile, akaandika mzazi wa mfano amefika saa 2 asubuhi. Aliandika 2. Programu ikapokea, ikaelewa saa 8 usiku! Ilipofika saa 5 asubuhi, simu ilihesabu kuwa mama yule yupo kituoni kwa muda wa saa 9, kumbe ni 3. Wanaohudumia wazazi wanajua maana ya kosa hilo: uchungu unaokwenda vizuri ungeonekana umekwama, na mama angepakiwa kwenye gari kwenda Ifakara bila sababu.

Muuguzi hakukosea. Tulikosea sisi, maana 2 ni namba halali na hakuna aliyefikiria saa ya Kiswahili. Naye akaendelea kuuliza: "Saa 6 usiku niandike tarehe ya jana au ya leo? Na aliyejifungulia kwenye bodaboda?" Maswali hayo sasa yameingizwa kwenye ukaguzi wa kompyuta.

Hata wakubwa yamewapata. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha anga Mars Climate Orbiter, kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza, nyingine ikazisoma kama za metriki.

Kwa majadiliano ya kamati: Ni fomu gani mnayojaza ambayo hamkuulizwa kabla haijaletwa? Katika usharika wenu, ni nani asiyezoea simu ambaye mngemtuma aijaribu? Majibu yafike ofisi ya miradi kabla bajeti haijapitishwa.