Mkopo wa halmashauri kwa mwanamke aliyetoka kwao

Makambako, mkoani Njombe, ni mji wa watu waliokuja. Barabara ya Dar es Salaam–Tunduma inakutana pale na ile ya Songea, reli ya TAZARA inapita, na kila mahali malori yanapolala lazima kuwe na mtu wa kupika, kufua na kuuza vocha. Mji wa Njombe nao umepokea wachuma chai, wabeba mbao na wafanyabiashara kutoka Makete, Ludewa na mbali zaidi. Wengi wao ni wanawake, na wakisikia kwamba halmashauri inakopesha bila riba, au kwamba kuna mafunzo ya bure, jambo la kwanza linalowajia ni kama fedha hizo zinawahusu wao au ni za wenyeji tu. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii na vikundi vya wanawake wa ukanda huu, na yafuatayo ndiyo maswali yanayorudi mara kwa mara.

Mimi ni Mkinga wa Makete, nimeolewa na kuachika hapa Makambako. Watu wananiambia nikaombe mkopo kwetu. Ni kweli?

Si kweli, dada yangu. Mkopo huu, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, haufuati kabila wala kijiji ulichozaliwa. Unafuata mahali unapoishi na mahali kikundi chako kinapofanyia shughuli. Ukikaa Lyamkena, halmashauri yako ni Mji wa Makambako, kwa sababu hata ushuru unaoulipa sokoni unaingia kwenye mfuko wa halmashauri hiyo, na asilimia 10 inakatwa humo humo.

Kuna nchi ambako jambo hili limewaumiza wanawake kisheria. Kanada, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1985, mwanamke wa jamii za wenyeji wa asili akiolewa na mwanaume asiyetambuliwa kuwa wa jamii hizo alifutwa kwenye orodha ya serikali, na haki zilizotegemea orodha hiyo akazipoteza. Sisi hatuna orodha ya namna hiyo. Tulichonacho ni mlango mdogo zaidi: barua ya mtendaji wa mtaa. Mtendaji anapaswa kuthibitisha kwamba wewe ni mkazi, na mpangaji anayehama chumba kila baada ya miezi sita hafahamiki na mtu. Kwa hiyo jiandikishe kwenye rejista ya wakazi wa mtaa siku unayohamia. Usingoje siku ya kuhitaji barua. Hudhuria mikutano ya mtaa hata kama ajenda ni taka. Namba ya NIDA pia ni ya lazima, na haijalishi uliipatia Makete au Mbeya.

Hizi fedha zinatoka wapi hasa? Mara zipo, mara hazipo.

Zinatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: ushuru wa mazao, leseni, ada za masoko na stendi. Utaratibu wa kuwatengea wanawake na vijana sehemu ya mapato hayo ulianza miaka ya 1990, lakini kwa muda mrefu ulitegemea hiari ya wakubwa. Mwaka 2018 ukaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, tena bila riba. Kanuni zikafuata mwaka 2019.

Ulichokiona kama “mara hazipo” ni kweli kabisa. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hii baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Ikarudi katika mwaka wa fedha 2024/25 ikiwa na kanuni mpya. Halmashauri 10 ziliteuliwa kujaribu kukopesha kupitia benki, na Songea ilikuwa mojawapo. Njombe na Makambako hazimo. Huku maombi yanaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, yanaingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki, kisha kamati zinayapitia.

Ukitaka maoni yangu, kusimamisha kila kitu kuliwaadhibu waliokuwa wanarejesha pamoja na waliokimbia. Lakini ukaguzi wa sasa, ambapo mtu anakuja kuona banda la kuku kwa macho, nauunga mkono.

Siwezi kukopa peke yangu? Vikundi vimenichosha.

Kwa mfuko huu, kukopa peke yako kumeruhusiwa kwa mtu mwenye ulemavu tu. Wanawake wengine lazima wawe kikundi cha watu wasiopungua watano, kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti ya benki. Hamdaiwi dhamana ya nyumba wala shamba. Dhamana ni ninyi wenyewe.

Na hapo ndipo mwanamke aliyetoka kwao anapobanwa. Mwenyeji ana shangazi, mawifi na waumini wenzake wa usharika tangu utotoni, na akikosa rejesho moja kuna mtu wa kumfuata. Wewe mgeni unajiunga na watu mliofahamiana stendi. Nimeona vikundi vilivyoundwa wiki mbili kabla ya maombi, watano wamekusanywa na mtu mmoja anayejua kuandika andiko la mradi. Fedha zikiingia, huyo mmoja anachukua nusu, wanne wanagawana kilichobaki, na mmoja wao anapanda basi la Songea. Deni linawabakia waliobaki.

Anzeni na mchezo wa kupeana, au hisa kidogo za kila wiki, mzungushe msimu mzima kabla hamjagusa fedha ya halmashauri. Yule anayechelewa kuleta elfu mbili mtamjua mapema.

Tumepitishwa. Wenzangu wanataka parachichi kwa sababu “ndiyo dhahabu ya Njombe”. Mimi nina wasiwasi.

Wasiwasi wako una akili. Parachichi ni zao zuri, lakini mche uliobebeshwa unahitaji miaka mitatu hivi kabla haujaanza kukupa kitu cha maana, ilhali rejesho linaanza baada ya miezi michache. Tena mti unataka ardhi ya kudumu, na wewe umepanga chumba. Mwenye shamba akiona miti imeanza kuzaa, mkataba wa mdomo unayeyuka.

Kama moyo wenu uko kwenye parachichi, fanyeni kitalu. Eneo la kitalu ni dogo, mnaweza kulikodi, na miche inauzwa msimu wa mvua unapoanza, Novemba na Desemba. Sharti kuwe na mtu anayejua kubebesha, maana kikonyo kisiposhika, hasara ni ya mche mzima na miezi ya kuumwagilia.

Viazi vinarudisha fedha kwa miezi mitatu hadi minne, lakini wakati wa mavuno kila mtu ana viazi, na bei inaamuliwa na mwenye lori. Kuku wa nyama wanakua kwa wiki tano au sita, ila vitabu vingi vya kuku vimeandikwa na watu wa joto. Njombe ya Juni na Julai, vifaranga bila jiko la mkaa usiku kucha watakufa, na bei ya mkaa lazima iwe kwenye hesabu yako tangu siku ya kwanza. Makambako kuna joto kidogo zaidi, na wateja wa chakula hawakatiki. Kununua mchele wa Mbarali kwa jumla na kuuza kwa kilo ni biashara isiyo na sifa yoyote, lakini nimeiona ikirejesha mikopo.

Kabla hamjasaini, someni tarehe ya rejesho la kwanza kwenye mkataba, kisha mtazame kama siku hiyo mtakuwa mnavuna au mnapalilia. Haiendani? Ombeni ibadilishwe kabla ya kusaini.

Nimeshona masweta na sare za shule kwa miaka mingi lakini sina cheti. Je, nirudi darasani mwaka mzima?

Hapana, mama. Kuna utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza kazini anapimwa, anafundishwa pale alipopungua, anapewa cheti. Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikigharamia baadhi ya wanaofanya hivyo kupitia programu ya kukuza ujuzi, ila programu hiyo inalenga vijana wa miaka 15 hadi 35 na nafasi hutangazwa kwa awamu. Ukivuka umri huo, bado unaweza kupimwa kwa kulipia mwenyewe. Cheti kitakusaidia pale shule inapotaka fundi anayetambulika.

Nilipata mimba kidato cha pili, sasa nina miaka 20 na mtoto. Nataka ufundi, lakini mtoto nitamwacha wapi?

Nenda Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Njombe, au kile cha Ulembwe kule Wanging'ombe. Hivi ni kati ya vyuo 54 vya aina hiyo nchini, na mpango wa Elimu Haikomi uliwafuata humo wasichana kama wewe: unasoma, unajifunza fani, na kuna malezi ya watoto chuoni. Ukienda, uliza kwanza kama malezi yanaendelea muhula huo, na hosteli ina nafasi ya mama na mtoto. Tangu Novemba 2021 wanafunzi waliokatishwa masomo na mimba wameruhusiwa pia kurudi katika shule za kawaida. Kwa umri wako, mimi ningeenda chuo.

VETA za serikali nazo hazina ada ya kutisha: kozi ndefu ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Kinachowashinda wengi ni vifaa, sare, na kodi ya chumba.

Nina deni la kausha damu, yale ya mtaani yenye riba kubwa. Naweza kulilipa kwa mkopo wa halmashauri?

Usijaribu. Fedha ya kikundi ina shughuli yake, na ukiichepusha utakuwa na wadai wawili badala ya mmoja. Nenda kwa mkopeshaji umwombe leseni ya Benki Kuu. Mwenye leseni anabanwa na kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Asiye nayo anafanya kazi kinyume cha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na hilo peke yake linakupa nguvu ya kuzungumza, ukiwa na mtendaji wa mtaa pembeni. Akidai kushika kadi yako ya benki, ondoka.

Wajane nawaambia hivyo hivyo. Mkoa huu wa Njombe una kiwango kikubwa kuliko yote nchini cha maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima katika utafiti wa 2022–23, na mama aliyebaki na watoto huwa wa kwanza kutafutwa na watu wa kausha damu, msiba haujaisha.

Maombi yetu yamerudishwa mara mbili. Wanasema “kuna kasoro”.

Kasoro ina jina. Ombeni waiandike. Mara nyingi ni ndogo: jina la kikundi kwenye katiba halifanani na la akaunti, au mwanachama mmoja yumo kwenye vikundi viwili. Msipojibiwa na kata, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, kisha ofisi ya mkurugenzi, kwa barua yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wakati mnasubiri, ulizeni pia kuhusu zabuni. Sheria ya ununuzi inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo, na kikundi kilichosajiliwa kinaweza kujiandikisha kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Kuna vikundi vinavyoomba mkopo wa kununua cherehani ilhali halmashauri hiyo hiyo inatafuta mtu wa kushona mapazia ya zahanati.

Na baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka, kikao kikiwa wazi kwa wananchi. Taarifa ya asilimia 10 inasomwa humo: kiasi kilichotengwa, kilichotolewa, na kata zilizopata. Nendeni mkiwa wawili watatu, mkiwa na daftari, na mkimaliza mwulizeni diwani wenu kwa nini kata yenu haijatajwa.