Koti Lisilopenya Maji: Mbona Mjomba Alirowa?

Makala yangu mwaka huu si ya ngeli wala mashairi. Ni somo dogo la sayansi ambalo mjombangu alililipia kwa pesa zake, kwa sababu ya ujuaji wangu mimi.

Sisi twakaa Majengo. Mjomba ni mvuvi, ana mtumbwi wake wa kupiga kafi upande wa Tudor. Masika ya mwaka jana tulikwenda Kongowea kwenye mitumba, tukaona koti la buluu. Lebo ilisema kwa Kiingereza kuwa koti halipenyi maji, na tena lapitisha jasho. Mjomba akaniuliza, "Mpwangu, ni kweli haya?" Nikamjibu, "Kweli mjomba, nunua tu." Akatoa pesa alizoweka za nyavu.

Siku ya tatu alirudi amerowa chapachapa.

"Limevuja?" nikauliza.

"Halikuvuja. Nimerowa kwa ndani! Lebo yako imenidanganya."

Niliona haya, nikamwendea mwalimu wetu wa fizikia. Akanieleza hivi.

Koti kama hilo lina utando mwembamba sana ndani ya kitambaa. Utando mashuhuri wa aina hii ulivumbuliwa na Bob Gore huko Marekani mwaka 1969. Alivuta kwa ghafla fimbo ya plastiki iliyopashwa moto, plastiki ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Ikarefuka, ikawa na vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Tone la maji ni kubwa, halipiti. Mvuke wa jasho ni mdogo, hupita.

Tukafanya jaribio. Tulifunika kikombe cha maji moto kwa mfuko wa plastiki, tukaweka kioo juu: kioo kikabaki kikavu. Tulipofunika kwa mkono wa lile koti, kioo kikaingia ukungu. Kumbe lebo haikusema uongo!

Basi mbona mjomba alirowa? Sababu ni tatu:

1. Mvuke hutoka penye joto na unyevu mwingi kwenda penye baridi na ukavu. Ulaya nje kuna baridi, kwa hivyo jasho hutoka upesi. Mombasa nje ni joto na unyevu kama ndani ya koti. Mvuke uende wapi?

2. Mawimbi yakirowesha kitambaa cha juu, maji huziba njia ya mvuke.

3. Chumvi na mafuta ya samaki huziba pia.

Tena, mpiga kafi hutoka jasho jingi kuliko koti lolote liwezavyo kupitisha.

Siku hizi mjomba hupiga kafi na shati jepesi. Koti hulivaa akitulia kungoja samaki, mvua na upepo wa kusi vikimpiga. Hapo lamfaa sana. Akirudi, hulisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Nami likizo ya Agosti sikucheza mpira. Nilikaa na mjomba nikishona nyavu zake kuukuu, maana mpya hazikununuliwa. Wenzangu, tukiombwa na wazee kuwasomea lebo, tusiseme "nunua tu" kabla ya kuuliza. Kwaherini hadi mwakani.